Mwaka Uso Wangu Ulipozidi Kina

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyempa mja wake macho mawili na akayaamuru yaone kitu kimoja, na akampa moyo mmoja ambao mara nyingine huona viwili. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, jamaa zake na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ninaandika haya nikiwa mwenye kushukuru, kwa sababu Mola amenipa umri wa kuyakumbuka na utulivu wa kuyasema.

Nimo edani. Mume wangu Hamad tulimzika kabla ya mwezi huu kuandama, Mola amlaze mahali pema, na tangu siku hiyo makazi yangu ni chumba cha ndani cha nyumba yetu hapa Mkoani: kitanda, mkeka wa kuswalia na dirisha linalotazama uani. Wanawake niliowasomesha Kurani chuoni huja kunitazama baada ya alasiri. Huja na bakuli la uji, hukaa kitako, husoma walichojaaliwa, kisha mazungumzo huteleza yenyewe. Juzi mmoja wao, mwenye binti aliyeposwa, aliniuliza: "Mwalimu, mtu akiswali istikhara, akamwomba Mola amchagulie, kisha akaamka kichwa kinamgonga, ndilo jibu hilo?" Nilicheka, nami sikuwa nimecheka tangu Hamad afariki. Wenzake walinitazama kwa hofu, wakadhani huzuni imenigeuka. Nilimjibu kwa ufupi kuwa wanavyuoni hawakusema hivyo, lakini ufupi ule haukunitosheleza hata mimi. Jibu langu hasa ni mwaka mzima, na mwaka mzima hausimuliki kati ya alasiri na magharibi.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza skuli na nikikaa Mtambile kwa Ami Khamis, mdogo wa baba yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga picha. Ukumbi wa nyumba ndio uliokuwa chumba cha picha. Kulikuwa na pazia la buluu ukutani, kigoda mbele yake, na mlango mmoja ulioelekea kwenye kichumba cha giza alimosafishia picha zake. Msimu wa karafuu majamvi yalitandazwa mpaka kizingitini, na harufu ya karafuu iliingia ndani ikakutana na harufu kali ya dawa za picha, hata chai ya nyumba ile ikawa na ladha ya vyote viwili. Nilizoea kiasi kwamba nilipokunywa chai kwa watu niliiona imepungua kitu. Asubuhi nilisomesha watoto wadogo juzuu ya amma barazani kwetu, mchana nilimsaidia Shangazi Riziki, dada yake Ami, kupika, na jioni nilisikiliza wao wawili wakigombana. Waligombana kila siku na hawakuwahi kununiana.

Ami aliwapiga watu picha za vitambulisho, lakini mapenzi yake yalikuwa kwenye picha alizoziita picha pacha. Alikuwa na ubao mrefu wenye mfereji katikati. Kamera ilisimama kwenye mfereji huo; alipiga picha moja, akaisogeza kamera kando kwa shibiri moja, upana wa kiganja kilichotanuliwa, akapiga ya pili. Picha hizo mbili alizibandika ubavu kwa ubavu kwenye kadi, na kadi akaitia kwenye kisanduku cha mbao chenye vioo viwili, alichokipata kwa baharia mmoja. Ukitia macho humo, jicho hili laona picha yake na lile laona yake, na mara picha mbili huwa moja, na hiyo moja si bapa tena. Ina mbele na nyuma, ina karibu na mbali. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya gati ya Mkoani, kisiwa cha Makoongwe kikionekana kwa nyuma. Nilimwona mzee mmoja mwenye heshima zake akinyoosha mkono hewani kutaka kushika nguzo ya gati. Ami akapiga makofi. "Kina!" akasema. "Hicho ndicho kina! Picha isiyo na kina ni karatasi tu, yakhe." Neno hilo tulilisikia wakati wa chai, wakati wa chakula na wakati wa kutia udhu.

Posa ya Hamad ililetwa kabla ya karafuu kuiva. Hamad alikuwa fundi Tanga. Nilimkumbuka tangu skuli kwa sauti yake, maana alikuwa akijibu maswali ya mwalimu polepole kama mtu anayehesabu mayai. Mama yake, Bi Mize wa Chokocho, mjane aliyejulikana kwa ibada, alimtuma kaka yake Mzee Faki aje kunena. Hamad mwenyewe aliomba jambo moja ambalo dini inampa: amwone binti kabla ya kuoa. Hakuweza kuja mpaka msimu uishe, basi ikakubaliwa ipelekwe picha, mama yake aitazame kwanza, kisha Mzee Faki aivushe mpaka Tanga. Ami aliposikia neno picha, chai ilimpalia.

"Pacha," akasema. "Nitampiga pacha."

"Mpige kama wanavyopigwa watu," akasema Shangazi Riziki.

"Kama watu? Huyu anaolewa, Riziki, hasafiri! Unataka mume amtazame kama anavyotazamwa na askari wa bandarini?"

Nilivaa nguo ya kijani na mtandio mweupe, nikakaa kwenye kigoda, pazia nyuma yangu. Ami aliisogeza kamera karibu ili uso ujae. "Usipepese," akaniambia, na nikasikia kamera ikisogea kwenye mfereji wake, shibiri ileile iliyopimiwa gati ya Mkoani. Sikuiona ile picha. Ilikauka asubuhi na Mzee Faki aliichukua mchana, pamoja na kisanduku.

Kisha nikaanza kungoja. Mtu asiyewahi kuposwa huenda asijue kungoja huko kulivyo. Nilisikia kila mlango uliobishwa. Nilipika wali nikasahau chumvi; nilipika tena nikaitia mara mbili. Watoto wangu wa chuoni walikosea aya nikawapitisha. Nilipomwona Mzee Faki akija barabarani, kisanduku kikiwa kimefungwa kwa kanga chini ya kwapa lake, nilijua. Mtu haleti kisanduku nyuma kama picha imevuka kwenda Tanga. Niliingia chumba cha ndani, nikasimama nyuma ya mlango, mkono mmoja juu ya komeo.

"Kunani, Mzee Faki?" Ami aliuliza.

"Ndugu yangu, nisamehe. Dada kaswali istikhara, kalala, kaamka. Asubuhi akaitia macho hiyo picha yako. Lahaula! Uso umemtokea ndani ya sanduku, pua mbele kama mpini wa kata. Kakamatwa na kizunguzungu, katapika uji wote. Kanambia, Faki, moyo umekataa."

"Moyo au tumbo?"

"Khamis, usifanye mzaha na istikhara."

"Sifanyi mzaha. Nauliza kilichokataa."

Nilisikia kisanduku kikiwekwa juu ya meza, na viatu vikitafutwa mlangoni. Shangazi alikuwa amepika papa wa nazi kwa ajili ya mgeni. Tulikula sisi watatu, au niseme tulikaa mbele ya sinia sisi watatu.

Posa iliyorudi kwa sababu ya mahari ina mjadala. Posa iliyorudi kwa sababu ya ugonjwa ina dawa. Lakini ya kwangu ilirudi kwa istikhara, na nani atasimama abishane na swala ya mwanamke mchaji? Kijijini neno halikai. Kwenye bomba la maji wanawake walinyamaza nilipofika, wakaendelea nilipokuwa bado sijafika mbali. "Ndiye huyo?" "Ndiye. Ati ukimtazama sana unatapika." "Mbona sisi tunamtazama?" "Subiri." Wakacheka. Mama mmoja alikuja barazani kwetu akamshika mwanawe mkono, akaniambia kwa adabu kabisa, "Mwalimu, tunampumzisha kwa muda tu," naye mtoto alikuwa amebakiwa na sura chache tu kumaliza juzuu. Hapo ndipo hofu iliponiingia mifupani. Niliona kuwa si mume tu nitakayemkosa. Ikiwa jina hili litakaa, sitaolewa na mtu yeyote na sitasomesha mtoto wa mtu.

Siku moja Ami alipokwenda msikitini adhuhuri na Shangazi yuko uani, nilikaa mbele ya kile kisanduku. Nilisoma Bismillahi, nikatia macho. Nilimwona msichana wa kijani ambaye pua yake ilikuwa imenijia mpaka kwenye kope, na mashavu yalikuwa nyuma ya pua kama vilima, na masikio yalikuwa mbali sana, kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyekaa nyuma yake. Pazia lilikuwa limepasuka mapazia mawili, na kila nilipojaribu kuyaunganisha, macho yangu yalivutwa kama yanataka kutoka. Tumbo langu lilipanda. Nilisoma Ayatul Kursiyyi nikatazama tena, na ikawa vibaya zaidi. Niliwaza: kumbe ni kweli. Kumbe mimi mwenyewe nikijitazama nachefukwa. Leo naandika hili kwa wepesi, lakini wakati ule niliamini. Kwa siku nyingi sikutazama kioo. Nilifunga mtandio kwa kupapasa, na nilipoinama kutia udhu nilifumba macho ili nisikutane na uso wangu ndani ya maji.

Lakini Mola humfungulia mja kwa kitu kidogo. Nilirudi kwenye kile kisanduku, maana mwenye hofu hurudi kwenye anachokiogopa, na macho yakanitoka maji. Nikachukua pindo la kanga nikafuta jicho la kulia, la kushoto likiwa bado kiooni. Na palepale yule msichana akatulia. Pua ilirudi mahali pake. Alikuwa msichana tu, amekaa kwenye kigoda, ana wasiwasi kidogo mdomoni. Nikafunga la kushoto nikatazama kwa la kulia: msichana yuleyule, ametulia vilevile. Nikafungua yote mawili: kizunguzungu. Nilirudia mpaka nikaanza kucheka peke yangu. Jini gani huyu anayefukuzwa kwa kufumba jicho moja?

Nilimweleza Ami, naye hakukubali. Alitazama, akatazama tena, akasema, "Mie naiona safi. Ina kina, basi."

"Weye ushakunywa kina mpaka kimekulevya," akasema Shangazi. "Macho yako si shahidi."

Nami nimeyafikiri maneno yale miaka mingi nikiwa mwalimu. Ami hakusema uongo. Macho yake yalikuwa yamezoea. Yalijua namna ya kujivuta na kujilegeza, na kilichowaumiza wengine kwake kilikuwa raha. Mtu aliyezoea kina hawezi kuwa ndiye mpimaji wa kina kwa watu wengine. Nimeona walimu wa dini wakiwatia wanafunzi wapya katika hitilafu za wanavyuoni kabla hawajajua kutia udhu, kisha wakashangaa mbona wanakimbia. Nimejizuia na jambo hilo, kwa uwezo wake Mola, kila nilipofungua kitabu mbele ya watu.

Tuliafikiana tujaribu kwa kitu kisichoposwa. Shangazi alileta shelisheli kutoka jikoni, akaliweka juu ya kigoda changu mbele ya pazia. Ami alilipiga picha pacha kwa shibiri, kisha akalipiga tena akisogeza kamera upana wa vidole vitatu tu, akilalamika kwamba halitakuwa na kina hata cha kijiko. Picha zilipokauka, Shangazi alitia macho kwenye ile ya shibiri.

"Lahaula! Limekuwa mtumbwi! Linanijia!" Akarudi nyuma, akakaa kitako chini palepale, mkono tumboni. "Saada, nipe maji. Kwani na shelisheli nalo lina jini? Basi kuanzia leo tusilipike."

Ami alimpa ile ya vidole vitatu. Shangazi hakutaka; alibembelezwa; akatazama. Akakaa nayo. "Hili la kuliwa," akasema.

Ami alizilinganisha zile kadi mbili. Alikwenda kwenye kioo cha ukutani, akaweka vidole vyake baina ya macho yake mawili, akapima. "Gati iko mbali," alisema mwishowe, bila kutugeukia. "Shibiri inaifaa gati. Uso uko karibu. Yarabi, nimemtazamisha Bi Mize kwa macho ya ng'ombe." Na kweli ng'ombe macho yake yako kila moja upande wake. Sikumwona Ami akiwa mnyonge kabla ya siku ile.

Tulikwenda Chokocho mimi na Shangazi. Desturi haimruhusu aliyeposwa kwenda kwa mama wa mume, lakini Shangazi alisema posa ilikwisharudi, kwa hiyo mimi ni mgeni kama mgeni mwingine. Bi Mize alikuwa ukumbini mwake akimenya majimbi. Chumba kilikuwa safi sana, jua limeukata mkeka nusu kwa nusu. Aliitikia shikamoo yangu bila kuinua uso.

"Bi Mize, tumekuletea shelisheli," akasema Shangazi.

"Ahsanteni. Liko wapi?"

"Ndani ya sanduku."

Kisu kilisimama. "Sanduku hilo sitii macho tena, Bi Riziki. Nishajibiwa."

"Hukujibiwa juu ya shelisheli."

Nilidhani atatufukuza. Alifuta mikono, akasoma Bismillahi, akashika kisanduku kama mtu anayeshika sufuria ya moto. Ile ya shibiri aliiachia mara moja, akashika mkeka kwa viganja viwili. "Mnanifanyia nini, nyie?" Shangazi akabadilisha kadi bila kusema neno. Bi Mize alitazama ile ya vidole vitatu, akaondoa macho, akatazama tena. Kisha Shangazi akamweleza yote, shibiri, vidole na macho ya ng'ombe, na kwenye ng'ombe nilifikiri Bi Mize atacheka. Hakucheka. Aliweka kisanduku chini, machozi yakamlengalenga.

"Basi niliyoyaona ni sanduku?"

"Ni sanduku, Bi Mize."

"Na istikhara yangu?"

Hapo niliogopa kuliko siku zote, maana niliona tumekuja kujiokoa na tumemjeruhi mwanamke mchaji katika swala yake. Nilitaka kusema kwamba swala yake iko palepale kwa Mola, haikupotea, ila alikwenda kulitafuta jibu lake katika kichefuchefu. Kabla sijasema, yeye akanigeukia, na kwa mara ya kwanza alinitazama usoni kwa macho yake mwenyewe.

"Nambia, mwana. Weye uliswali?"

"Naswali, mama."

"Sikuulizi hizo. Istikhara. Juu ya mwanangu. Uliswali?"

Miezi yote ile nilikuwa nikimwomba Mola ailainishe roho ya Bi Mize. Nilimwomba anisafishie jina. Nilimwomba kwa machozi nisikataliwe. Kumwuliza kama Hamad ni kheri kwangu, hilo halikunipitia hata siku moja. Nikatikisa kichwa.

"Subhanallah," akasema Bi Mize polepole. "Mie nimekesha najiuliza kama weye unatufaa. Weye umekesha unajiuliza kama unatufaa. Nani kauliza kama sie tunakufaa weye?" Akachukua jimbi, akalitazama, akaliweka. "Rudi Mtambile. Swali yako, nami nitaswali yangu, bila sanduku. Ukiona moyo wako mzito, usinionee haya."

Niliswali. Hofu haikuondoka, ila iligeuka sura. Safari hii sikuogopa kukataliwa, niliogopa kuulizwa. Sikuota ndoto. Hakuna ndege aliyelia paani. Nilichokiona ni kwamba kila nilipomfikiri Hamad na yale majibu yake ya polepole, moyo wangu ulikaa kitako, na mambo yaliyokuwa yamefungana yakaanza kufunguka moja baada ya jingine: Mzee Faki alikuja kusalimia, kisha yule mama akamrudisha mwanawe kumaliza juzuu.

Bi Mize alikuja Mtambile mwenyewe, mchana, baada ya msimu. Shangazi alikuwa amepika wali wa nazi na pweza, na ukumbi ulikuwa umejaa jamaa za kike. Kwetu mwari akiulizwa hunyamaza, na kimya chake ndiyo ridhaa yake. Shangazi ndiye anayesema kwa niaba yake. Bi Mize alikaa mbele ya sinia, hakunyoosha mkono.

"Moyo wangu mie umetulia," alisema mbele ya wote. "Sasa namwuliza yeye."

Niliinamisha kichwa. Shangazi akadakia, "Kanyamaza, karidhia."

"Hapana, Bi Riziki. Mara ya kwanza mie nilikisia, na kukisia kwangu kulimdhalilisha mtoto wa watu. Safari hii sikisii. Nataka kusikia."

Wanawake walitazamana. Mmoja alinong'ona kwamba ni aibu. Niliinua uso wangu, uleule uliokuwa umezungumzwa msimu mzima bombani, nikamtazama Bi Mize.

"Nimeridhia, mama," nilisema, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Bismillahi," akasema Bi Mize, akatia mkono kwenye wali.

Na wewe uliyevumilia kunisoma mpaka hapa, Mola akuchagulie lililo la kheri na dini yako na maisha yako na mwisho wako, akufungulie njia yake bila kukutisha, akuepushe na kuyafasiri majaaliwa ya watu kwa maumivu yako, kisha akuridhishe nalo. Amin.